Anafukuzwa na Nani?

Ilikuwa saa nne za usiku, Ngamiani, Tanga, barabara ya 14, chini ya turubai la harusi. Vumbi lilikuwa limeshanyanyuka hadi usawa wa magoti. Mtoto wa dada yangu alikuwa nyuma ya meza yake, kama kawaida amefunika kioo cha laptopu kwa kanga, mkono mmoja kwenye vitufe, mwingine ameuegemeza kwenye spika. Akaachia wimbo.

Nauita wimbo, ila kilichotoka kilikuwa kama ndege waliofunguliwa tunduni wote kwa pamoja. Gitaa lilikuwa linatekenywa. Ngoma zilimiminika kama mahindi kwenye sinia. Juu ya yote hayo kulikuwa na sauti nyembamba ya kike, nyembamba mno, inaimba kwa mwendo wa cherehani. Wasichana wakapiga kelele na kuinama.

Mama mkubwa alikuwa amekaa pembeni yangu kwenye kiti cha plastiki, mkoba wake mapajani. Ana miaka 71. Harusi za siku hizi huwa anazivumilia tu, anasubiri biriani na kumwona bibi harusi. Ghafla akanishika mkono.

"Huyo namjua."

"Nani, mama mkubwa?"

"Huyo anayeimba."

Akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali. Midomo ikaanza kufuata maneno, lakini maneno yalikuwa yanampita. Akajaribu kuyadaka ubeti wa kwanza. Akajaribu wa pili. Akaacha.

Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama anavyouliza habari za mtoto wa jirani:

"Mbona anakimbia hivyo? Anafukuzwa na nani?"

Nimekaa na swali hilo wiki sita.

## Kwanza nilikuwa upande wake

Usiku ule nililala nikiwa nimeshatoa hukumu. Ule wimbo nilikuja kuujua baada ya kuambiwa. Ni taarabu ya hapa hapa Tanga, ya enzi za magitaa, na ndio uliopigwa kwenye harusi ya mama mkubwa mwenyewe. Jina la wimbo siliandiki kwa sababu mama mkubwa ameniomba nisiliandike. Nilichokiona ni hiki: mwanamke aliimba kwa utulivu, akapima kila neno, halafu baada ya miaka arobaini na ushee kijana wa miaka 23 anamshika na kumkimbiza mtaani usiku kucha mpaka hata waliompenda hawamtambui.

Nilitaka kuandika makala ya malalamiko. Niliianza. Aya mbili ziko bado kwenye simu yangu.

Kilichonizuia ni neno alilolisema mama mkubwa asubuhi yake, tunachambua mchele. Nilimwambia vijana wanaiharibu taarabu. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Hata sisi tuliambiwa."

Nilikuwa nimesahau. Taarabu ya Tanga tunayoililia leo ilikuwa ukorofi ilipozaliwa. Unguja walikuwa na kundi la Ikhwani Safaa tangu 1905, wana udi, nai, fidla, ganuni, watu wameketi kwa adabu. Huku bara ya pwani kundi la Black Star, na baadaye Lucky Star waliochipuka kutoka humo, wakaweka gitaa la umeme na besi, wakaleta mwendo wa dansi ndani ya shairi. Mwimbaji Bi Shakila alianzia sifa yake humo kabla hajahamia Dar es Salaam na kundi la JKT Taarab, kule alikokaa mpaka akawa bibi wa taifa zima. Tulimzika mwaka 2016. Mama mkubwa anakumbuka baba yake akisema wazi kwamba hiyo si taarabu, hilo ni dansi limevaa kanga. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ikazikusanya nyimbo za makundi hayo mawili na kuziuza kama taarabu ya asili ya Tanga.

Kutoka dansi lililovaa kanga mpaka taarabu ya asili hata umri wa mtu mmoja haukupita.

Nikaifunga simu. Nikaona bora niende nikamwangalie kijana anafanya nini hasa, kabla sijamsema.

## Kanga juu ya kioo

Huyu kijana nimemlea kwa vipindi, kwa hiyo historia yake naijua. Alianza na miaka 14, kubeba spika za watu wa muziki wa harusi, malipo yake nauli na sahani ya pilau. Baadaye akakaa kwenye kibanda cha kuchajia simu na kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi, Makorora. Hapo, anasema, ndipo alipojifunza kazi: mtu anakuja, hajui jina la wimbo, anakuimbia kipande kwa mdomo, nawe unatakiwa umpate. Miaka miwili ya kubahatisha nyimbo kutoka vinywani mwa watu. Mimi nilidhani anapoteza muda.

Akaenda Dar, akakaa Manzese miezi minane. Singeli, ule muziki wa mbio uliozaliwa mitaani Dar, sina haja ya kumweleza zaidi msomaji wa blogu hii. Nyote mmeshakoseshwa usingizi nayo. Alikwenda chuoni kwake, basi. Akarudi na laptopu ambayo herufi tano zake zimefutika kabisa, na tabia tatu ambazo watu wa Tanga mpaka leo wanamshangaa nazo.

Ya kwanza ni kanga. Anapofika kwenye shughuli, kabla ya waya wala nini, anatandika kanga juu ya kioo, anaacha vitufe tu. Wengine wanasema anaficha nyimbo zake zisiibwe, wengine wanasema ni ya dawa. Nilimuuliza. "Mama mdogo, nikiona namba naicheza namba. Nataka nicheze watu." Kioo kinamwonesha mapigo kwa dakika, kinamwonesha mawimbi ya wimbo, kinamwambia hapa patafaa. Hataki kuambiwa.

Ya pili ni ule mkono kwenye spika. Miguu ya watu ikiwa mingi na imekubaliana, anasema, ardhi inairudisha, inapanda kwenye meza na spika, na mkono unaipata kabla ya sikio. Siwezi kuthibitisha. Nimeweka mkono wangu pale, nilichosikia ni besi tu. Lakini nimemwona akibadilisha mwendo sekunde chache kabla watu hawajachoka, mara nyingi mno kuwa bahati.

Ya tatu ndiyo iliyonigeuza, nayo sikuiona kwenye harusi. Niliiona chumbani kwake, mchana, feni ikilia.

## Nilichoona kwenye kina

Alinifungulia programu yake ya kupigia muziki, Virtual DJ, bila kanga, kwa heshima yangu. Wimbo wa mama mkubwa ulikuwa pale, faili lililotolewa kwenye CD, na kioo kikaandika 104. Hayo ndiyo mapigo yake kwa dakika. Kwenye harusi alikuwa anaupiga kwa 208.

Mara mbili kamili. Ukizidisha mwendo wa rekodi mara mbili, na sauti inapanda hatua kumi na mbili za kinanda, yaani inafika juu na kukutana na jina lake lile lile. Do inakuwa do ya ghorofani. Ndiyo maana mama mkubwa alimtambua: kila noti ilikuwa palepale, ila mwenye kuimba amegeuka kinda. Programu ina kitufe cha kufungia sauti isipande hata mwendo ukizidi. Kijana hakigusi. "Nikikifunga anakuwa mtu mzima anayeharakisha. Hiyo inatia huruma. Bora awe ndege."

Nilimwambia anioneshe anavyokata. Wimbo wenyewe siwezi kuunukuu, kwa hiyo nimetunga mistari ya mfano yenye umbo lile lile, mizani nane kwa nane:

*Nimekuja kwa dhoruba, si kwa pepo za kusini,*
*Moyo umejaa toba, nifungulie nyumbani.*

Ma-DJ niliowasikia mimi wangekata popote panaponoga: "dhoru, dhoru, dhoru, dhoru". Neno linavunjwa, linabaki mdundo, na watu wanaruka vizuri tu. Yeye aliweka kidole kwenye kitufe kisicho na herufi, akasubiri, akabonyeza. *Kwa dhoruba. Kwa dhoruba. Kwa dhoruba.* Akaachia mstari uende mpaka mwisho, akabonyeza tena. *Za kusini. Za kusini.*

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.

Kwa-dho-ru-ba. Mizani nne. Za-ku-si-ni. Mizani nne.

Alikuwa anakata nusu kamili ya kipande, kila mara, na kila mara anaangukia kwenye kina, cha kati na cha mwisho. Mizani nne kwa mapigo manne. Ngoma inazunguka, neno zima linazunguka nayo, na vina viwili vinaitikiana huku na huku kama wanawake wawili kwenye barabara moja.

"Nani kakufundisha hivi?"

Akaniangalia kama nimeuliza nani alimfundisha kutembea. "Bibi."

Nikakumbuka. Mama mkubwa alikuwa na tabia ya kusoma mashairi ya gazetini kwa sauti, alasiri, na mtoto huyu akiwa na miaka sita au saba alikuwa anakalishwa mbele yake ahesabu mizani kwa vidole vyake na vya bibi. Akikosea anapigwa kikofi kidogo cha mkono. Akipatia anaitwa "mume wangu" na kupewa kashata. Mimi nilikuwa nikipita pale na ndoo ya maji nikidhani wanacheza.

Hajawahi kukata neno katikati. Hata moja. Kasi yote ile, vumbi lote lile, na shairi ndani yake limekaa zima, halijavunjwa mfupa.

Nilitoka chumbani mle nimenyamaza. Nilikuwa nimemsikiliza kijana huyu harusi zisizopungua ishirini na sikuwahi kulisikia hilo.

## Wanaokimbiza, wanaochelewesha

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu watu wanaochezea mwendo wa nyimbo za wenzao, na nimegundua ni ukoo mkubwa.

Chukua santuri. Mashine ambayo ma-DJ wa dunia walijifunzia, Technics SL-1200, toleo la pili lililotoka 1979, ina kitelezi kinachoongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Nane tu. Ndani ya nafasi hiyo ndogo watu walijenga fani nzima ya kuunganisha wimbo na wimbo bila mshono. Muda mrefu duniani ustadi wa DJ ulikuwa ni kubadilisha mwendo kiasi kwamba msikilizaji asijue.

Vijana wa Dar wao wakataka ujue. Studio ya singeli ya Sisso ipo Mburahati, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso* mwaka 2017, watu wengi wa Ulaya walisikia kwa mara ya kwanza singeli ya mapigo 200 kwa dakika na kuendelea. DJ Travella akaja na *Mr Mixondo* mwaka 2022, kijana mdogo, muziki umejaa milio inayorukaruka kama samaki kwenye sakafu ya ngalawa. Mtoto wa dada yangu anamsikiliza huyo kwa adabu ya mtu anayesikiliza mawaidha. Nami nimejilazimisha, na nakiri kuna dakika fulani, ukiwa na spika za masikioni na macho umeyafumba, kasi ile inageuka kuwa utulivu. Kama kutazama reli ukiwa ndani ya treni.

Upande mwingine yupo DJ Screw wa Houston, Texas. Jina lake la kuzaliwa Robert Earl Davis Jr. Miaka ya 1990 alichukua nyimbo za rap akazichelewesha mpaka sauti za wanaume zikawa kama zinatoka chini ya kisima, akaziweka kwenye kaseti za kijivu na kuziuza nyumbani kwake, watu wakipanga foleni mlangoni. Duka alilifungua 1998. Alifariki mwaka 2000 akiwa na miaka 29. Aliwahi kueleza kwamba anapunguza mwendo ili msikilizaji amsikie mchanaji anasema nini.

Hapo nikapata tena wasiwasi wangu wa mwanzo. Screw anachelewesha ili maneno yasikike. Sisi tunakimbiza, na bibi wa miaka 71 anashindwa kuyadaka. Vina vimebaki, sawa, mizani imebaki, lakini aliyeyaweka maneno yale moyoni miaka yote hakuweza kuimba nayo. Shairi zima lisilosikika na mwenyewe linamfaa nani?

Nilimpelekea kijana habari za Screw. Akasikiliza kaseti moja yote, saa nzima na zaidi, akiwa amelala chini. Akasema, "Huyu naye kaweka mkono kwenye spika."

## Sekunde sita

Kuna jambo jingine siwezi kulipita, ingawa halikuwa kwenye swali la mama mkubwa.

Mwaka 1969 bendi ya Marekani, The Winstons, ilirekodi "Amen, Brother". Katikati yake mpiga ngoma, Gregory Coleman, anaachwa peke yake kwa sekunde kama sita. Miaka ya 1990 mwanzoni vijana wa Uingereza walizichukua sekunde hizo, wakazikimbiza, wakazikatakata, na juu yake ukasimama muziki wao wa jungle. Leo zimo kwenye maelfu ya rekodi. Coleman alifariki 2006, hana makazi, bila kupata malipo yoyote kwa zile sekunde. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kuchangiwa na wapenzi wa muziki mwaka 2015, wakamkusanyia pauni 24,000.

Nilimsimulia kijana hili tukiwa tunakula mihogo Raskazone. Aliacha kutafuna.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999. Lakini nani anakwenda kutafuta warithi wa mpiga gitaa wa Tanga kwa ajili ya shughuli moja ya barabara ya 14, malipo elfu hamsini, na kumi kati ya hizo zinakwenda kwenye mafuta ya jenereta? Kijana hauzi wimbo ule. Hajauweka mtandaoni. Anaupiga tu usiku, na usiku unapita. Bado nilimwona uso umebadilika, na mimi mwenyewe sikuwa na la kumtuliza, kwa sababu siamini kwamba udogo wa pesa unafuta deni. Gitaa lile mtu alilipiga. Vidole vilimuuma.

Alichofanya baada ya hapo hakikulipa deni lolote, lakini nakitaja kwa kuwa nilikiona. Ameanza kuwatangaza. Kabla ya kuachia kipande cha zamani anachukua maiki na kutaja nani anaimba, na kama anamjua mpiga gitaa, anamtaja. Watu wanadhani ni mbwembwe. Kuna mzee mmoja Mabawa aliposikia jina, alisimama, akavua kofia.

## Kaseti

Jumapili moja mama mkubwa alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake kaseti, imefungwa kwa leso ya mkono. Karatasi yake imekuwa rangi ya chai. Aliinunua sokoni, nakala ya nakala, mwaka aliomzaa mtoto wake wa pili, na amekuwa akiipiga tangu hapo, Ramadhani ikiisha, arusi zikija, na usiku fulani fulani ambao hatuulizi.

"Mume wangu," akamwambia kijana, "nataka umsikie anavyoimba asipofukuzwa."

Redio kaseti yangu bado inafanya kazi. Kijana akaunganisha waya kutoka tundu la spika za masikioni mpaka kwenye laptopu, akarekodi, ili aulinganishe na faili lake. Mkanda wa kaseti unatakiwa upite kwenye kichwa cha mashine kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Hiyo ndiyo ahadi ya kaseti zote duniani.

Kioo kikaandika 108.

Akafikiri amekosea. Akarudia. 108. Faili lake lilikuwa 104. Akatafuta kaseti yangu nyingine ambayo nyimbo zake nazo anazo, akazilinganisha. Hazikuzidi wala kupungua. Redio yangu haikuwa na kosa. Kaseti ya mama mkubwa ndiyo ilikuwa inakimbia, karibu asilimia 4. Hatua moja ya kinanda ni kama asilimia 6, kwa hiyo mwimbaji wake alikuwa amepandishwa zaidi ya nusu hatua.

Kijana akanieleza, taratibu, akichora kwenye daftari. Aliyenakili kaseti ile alikuwa na mashine inayosuasua. Ukirekodi kwenye mashine inayokwenda pole, halafu ukaja kuupiga mkanda huo kwenye mashine nzima, wimbo unatoka mbio. Kidogo tu. Hakuna ambaye angejua bila wa pili wa kulinganisha.

Kwa hiyo zaidi ya miaka arobaini, mama mkubwa naye alikuwa anampenda mwanamke anayekimbia.

Sikujua kama tumwambie. Nilimkanya kijana kwa jicho. Lakini yeye si mtu wa kumficha bibi yake kitu. Akampigia faili lile la 104, bila neno.

Mama mkubwa alisikiliza mstari mmoja. Akakunja uso.

"Huyu kachoka," akasema. "Huyu siye."

Akampigia kaseti.

"Ee. Huyu ndiye."

Nilikaa chini. Wiki zote nilikuwa nikijiuliza nani ana haki ya kuugusa mwendo wa mwimbaji, na niliamini kuna mwendo mmoja wa kweli umehifadhiwa mahali, na mama mkubwa ndiye mwenye ufunguo. Mashine mbovu ya mtu wa sokoni ilikuwa imeshaugusa kabla kijana huyu hajazaliwa, na moyo ukakaa hapo, ukapaita nyumbani. Hata hilo 104 lenyewe limetoka kwenye santuri au mkanda uliozungushwa na mashine fulani, siku fulani, umeme ukiwa na nguvu yake ya siku hiyo. Mwanamke mwenyewe alivyosimama mbele ya maiki hatumo tulioshuhudia.

Kijana alirudi kwenye faili lake, akalipandisha mpaka 108. Mama mkubwa akafumba macho. Akaanza kuimba. Aliimba ubeti mzima, sauti imekauka pembeni lakini imenyooka, na hakukosa neno.

"Bibi, niongeze?"

"Ongeza kidogo."

112. Akaenda nayo. 116. Alikuwa anatikisa kidole kwenye kila kina, kile kile kidole alichokuwa anamhesabia. 120. Leso imemwanguka, hakuiokota. 125. Sasa maneno yanagongana mlangoni lakini yanapita. 131, akaimba mstari mmoja, wa pili, wa tatu, akacheka, akakosa pumzi, akainua mkono.

"Hapo," akasema. "Hapo basi."

Kijana akakata kipande cha plasta, akaandika 131 kwa kalamu, akakibandika chini ya vitufe.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Makorora, harusi ya mtoto wa jirani. Kanga ilikuwa juu ya kioo. Kijana alichukua maiki, akamtaja mwimbaji, akawataja wapigaji wawili, akaachia wimbo kwa mwendo ambao wasichana waliushangaa, wakasimama wakimwangalia. Mama mkubwa alikuwa ananikabili, mkoba mapajani, midomo inakwenda na maneno. Mwendo ukapanda. Midomo ikaenda nao. Ukapanda tena, wasichana wakaanza kuinama, vumbi likanyanyuka, na midomo bado inakwenda, *kwa kina, kwa kina*, mpaka mahali fulani ikasimama.

Akafunga mkoba wake, akanigusa goti, tukatoka kwenda kunywa chai.